Mshale wa spidi umetulia kwenye 80, fomula inasema kani ni sifuri. Mbona mguu bado uko kwenye mafuta?

#1 Daftari Jipya

Wakuu, habari za muda huu. Nina swali, leo siku ya tatu linaninyima usingizi. Nimerudi kusoma fizikia baada ya miaka mingi ya kuikimbia, na nimefika kwenye ile kanuni ya pili ya Newton: kani (msukumo au mvuto) ni sawa na tungamo (kilo za kitu) mara mchapuko (mwendo unavyobadilika kila sekunde). Fupi, hata mtoto anaikariri.

Sasa jana nilikuwa ndani ya gari. Barabara tambarare, imenyooka kama rula, mshale wa spidi umetulia kwenye 80. Nikapiga hesabu kichwani. Mwendo haubadiliki, kwa hiyo mchapuko ni sifuri. Tungamo mara sifuri ni sifuri. Kani sifuri! Lakini dereva kakanyaga mafuta, injini inanguruma, na geji inashuka. Hayo mafuta yanafanya kazi gani?

Ama fomula ina kasoro, ama kichwa changu. Nahisi ni kichwa, ila naomba mnielekeze kwa upole.

#2 Mbishi Halali

Kichwa chako kiko sawa kabisa. Hizo ni fomula za ubaoni, barabarani hazipo. Ondoa mguu kwenye mafuta uone kama gari halitasimama. Bila kani hakuna mwendo, hilo halihitaji shule.

#3 Usukani

Naungana na #2. Naendesha malori mwaka wa kumi na moja huu. Ukiachia mafuta, lori linakufa mwendo lenyewe. Kama kani ingekuwa sifuri tungekuwa tunasafiri bure.

#4 Chaki Mkononi

Mleta uzi, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Hayo waliyosema #2 na #3 ndiyo aliyoamini Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na watu wenye akili waliishi nayo karibu miaka elfu mbili, kwa hiyo hakuna wa kuchekwa hapa.

Tatizo liko kwenye neno "kani" ndani ya fomula. Siyo kani ya injini peke yake. Ni jumla ya kani zote zinazolishika hilo gari kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake. Ukisahau moja tu umeshapotea.

Tuchukue gari la kilo 1,200. Kwenye 80 hewa inalisukuma kurudi nyuma, na tairi zinapobonyea na kujirudi nazo zinakula mwendo. Tuseme vyote viwili vinafika nyutoni 400 kuelekea nyuma (nyutoni ndiyo kipimo cha kani). Injini, kupitia tairi, inasukuma nyutoni 400 kwenda mbele. Toa moja kwenye nyingine: sifuri. Mshale umetulia. Mafuta yako hayaongezi mwendo hata chembe, yanalipa deni la upepo na tairi, basi.

Sasa kanyaga mpaka injini itoe nyutoni 1,600. Ondoa 400 za kurudi nyuma, zinabaki 1,200. Gawanya kwa kilo 1,200, unapata mchapuko wa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Kwa lugha ya dashibodi, mshale unapanda kilomita 3.6 kwa saa kila sekunde inayopita. Ukiachia mafuta kabisa, zinabaki zile 400 za nyuma peke yake. 400 kwa 1,200 ni theluthi moja, yaani unapoteza kama kilomita 1.2 kwa saa kila sekunde. Usukani, ndiko huko "kufa mwendo" unakokusema. Lori halisimami kwa sababu limekosa kani. Linasimama kwa sababu kani ipo, ila inaelekea nyuma.

Tena angalia: ukishikilia mguu palepale, gari haliongezi mwendo milele. Upepo unakua haraka, mwendo ukiwa mara mbili ukinzani wa hewa unakuwa karibu mara nne. Unafika mahali unasawazika na injini, na mshale unatulia tena, safari hii juu zaidi.

#5 Daftari Jipya

Aisee. Kwa hiyo kani haitakiwi ili kitu kiendelee kwenda, inatakiwa ili kibadilishe mwendo?

#6 Chaki Mkononi

Hapo hapo.

#7 Mbishi Halali

Mnanifurahisha. Gari linalokwenda 80 lina kani sifuri, si ndiyo? Basi Chaki, simama mbele yake tukutazame.

#8 Chaki Mkononi

Hahaha, sisimami. Ila umegusa penyewe.

Gari halibebi kani kama linavyobeba mafuta kwenye tanki. Linachobeba ni mwendo: tungamo lake mara mwendokasi wake, wenyewe wanaita momenta. Kani inazaliwa pale vitu viwili vinapogusana au kuvutana, na inakufa vinapoachana. Kabla ya kunigonga, jumla ya kani juu ya gari ni sifuri kweli. Likinigonga, mimi nabadilishwa mwendo kutoka sifuri hadi mwendo wa gari ndani ya kufumba na kufumbua. Mabadiliko makubwa, muda mfupi, basi mchapuko ni wa kutisha, na kani ni hivyohivyo.

Niweke namba, na nishushe mwendo hadi 72 ili hesabu iwe safi, maana 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Abiria wa kilo 60, gari linagonga ukuta. Amefunga mkanda, pua ya gari inakunjamana, mkanda unanyumbuka kidogo, na mwili wake unachukua sehemu ya kumi ya sekunde kusimama. Mchapuko ni 20 kwa 0.1, yaani 200. Mara kilo 60: nyutoni 12,000. Gari letu la kilo 1,200 likiegeshwa juu yako linakukandamiza kwa karibu kiasi hichohicho. Na huyo ndiye aliyefunga mkanda.

Asiyefunga anaendelea mbele kwa mita zake 20 kwa sekunde wakati gari limeshaanza kusimama, kisha anakutana na dashibodi. Plastiki ngumu hainyumbuki. Tuseme inamsimamisha ndani ya sehemu ya mia ya sekunde. Nyutoni 120,000. Tungamo ni lilelile, mwendo ni uleule, kilichobadilika ni muda. Mkanda na mfuko wa hewa vinauza kitu kimoja tu: muda wa ziada.

#9 Usukani

Hiyo ya mkanda nimeiweka kichwani. Tanboi wangu ataisikia leo.

Sasa upande wa tungamo nakuelewa bila chaki. Lori tupu ukikanyaga linaruka kama mbuzi. Likipakiwa, injini ileile, mguu uleule, unabadilisha gia mpaka mkono unachoka ndipo lichanganye. Kani moja, tungamo kubwa, mchapuko mdogo. Sawa.

Lakini hapa nauliza. Kama kitu kizito ni kigumu kuchapuka, kwa nini jiwe kubwa na jiwe dogo ukiyaachia pamoja yanafika chini pamoja? Kubwa si lingechelewa?

#10 Mbishi Halali

Kubwa linatangulia bwana. Kila mtu anajua.

#11 Chaki Mkononi

Mmoja anasema lichelewe, mwingine anasema litangulie. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na nusu hizo mbili zinafutana.

Jiwe la kilo 10 linavutwa na dunia kwa nyutoni 98. La kilo 1 linavutwa kwa 9.8. Mbishi yuko sahihi, kubwa linavutwa mara kumi zaidi. Lakini kubwa pia linagoma mara kumi zaidi kubadilishwa mwendo, na hapo Usukani yuko sahihi. 98 kwa 10 ni 9.8. 9.8 kwa 1 ni 9.8. Mchapuko mmoja.

Unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971, safari ya Apollo 15, mwanaanga David Scott alisimama mwezini ambako hewa hakuna, nyundo mkono mmoja na unyoya wa mwewe mkono mwingine, akaachia. Vikagusa vumbi pamoja, mbele ya kamera ya televisheni. Vilianguka polepole kuliko huku, kwa sababu mchapuko wa mwezini ni kama 1.6 badala ya 9.8, lakini vilianguka pamoja.

Hapa ndipo watu wanapochanganya uzito na tungamo. Tungamo ni ule ukaidi wa kitu kukataa kubadilishwa mwendo, na ukikibeba kwenda mwezini haupungui. Uzito ni kani, ni mvuto wa mahali ulipo. Hata hapa duniani haulingani kila mahali: kwenye ikweta mchapuko wa mvuto ni takribani 9.78, kwenye ncha za dunia 9.83. Kilo 70 ni zilezile, ila mizani ya springi itasoma tofauti kidogo.

#12 Daftari Jipya

Wakuu, nimefanya kichaa. Nyumbani kuna mizani ya kupimia uzito, ile ya mshale. Nimeichukua nikaingia nayo kwenye lifti ya jengo la ghorofa nyingi, nikapanda juu yake, nikabonyeza ghorofa ya mwisho.

Lifti ikiwa imesimama, mizani inasoma 70. Ilipoanza kupanda mshale ukaruka hadi 77 hivi, ukatetemeka pale kama sekunde mbili. Halafu, na hapa ndipo niliposhangaa, lifti ikiwa katikati ya safari inapanda kwa kasi yake yote, mshale ukarudi 70. Nilitegemea ubaki juu, maana si bado napanda? Tulipokaribia mwisho ukashuka hadi 63, kisha 70 tena mlango ulipofunguka. Kulikuwa na mama mmoja mle ndani, aliniangalia kama ninayehitaji msaada.

#13 Chaki Mkononi

Umefanya jaribio ambalo nimekuwa nikilichora ubaoni kila mwaka bila kulifanya. Naona aibu kidogo.

Tuisome hiyo 77. Kani mbili zinakushika: dunia inakuvuta chini kwa 70 mara 9.8, yaani nyutoni 686, na mizani inakusukuma juu. Mizani haijui uzito wako, inachosoma ni nguvu inayotumia kukusukuma. Mshale ukiwa kwenye 77 maana yake inasukuma kama nyutoni 755. Toa 686, zinabaki kama 69 kwenda juu. Gawanya kwa kilo 70, unapata karibu mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Huo ndio mchapuko wa lifti yako, umeupima kwa mizani ya bafuni!

Katikati ya safari mwendo ni mkubwa lakini haubadiliki, kani mbili zinalingana, 70. Ni lile gari lako la 80, limesimamishwa wima.

#14 Mbishi Halali

Sawa, tufanye nimekubali nusu. Lakini nina mwiba. Kani mnaijua kwa kutazama mchapuko. Halafu mnasema kani ndiyo inasababisha mchapuko. Mnazunguka mti. Hiyo siyo kanuni, hiyo ni fasili. Ni sawa na kusema "usingizi ni kile kinachomlaza mtu".

#15 Kalamu Nyekundu

Nimekuwa nasoma kimyakimya, lakini #14 kanitoa mafichoni. Ndugu, huo mwiba umewachoma wengi waliobobea, usidharau swali lako.

Jibu langu ni hili. Chukua kitoroli kidogo chenye magurudumu laini, juu ya meza iliyo sawa. Kifunge springi na ukivute, ukihakikisha springi imerefuka sentimita 5 muda wote, isizidi isipungue. Pima mchapuko. Sasa funga kitoroli cha pili kinachofanana nacho kabisa, uvute vyote kwa springi ileile, sentimita 5 zilezile. Mchapuko unakuwa nusu. Kisha rudi kwenye kitoroli kimoja, ukivute kwa springi mbili pembeni kwa pembeni, kila moja imerefuka sentimita 5. Mchapuko unakuwa mara mbili.

Hakuna aliyeilazimisha dunia iwe hivyo. Kani umeishika kwa urefu wa springi, tungamo kwa idadi ya vitoroli, mchapuko kwa saa na rula. Vitu vitatu vimepimwa kwa njia tatu, na vikakubaliana. Ingewezekana kabisa vitoroli viwili vitoe robo ya mchapuko badala ya nusu. Havitoi.

Nyongeza ya mpenda historia: Newton mwenyewe hakuiandika kanuni hii kwa sura tunayoikariri. Katika kitabu chake cha 1687, kwa Kilatini, alisema badiliko la mwendo linalingana na kani iliyotiwa, na linafuata mstari ambao kani imeelekea. "Mwendo" kwake ulikuwa ile momenta aliyoitaja Chaki. Sura ya tungamo mara mchapuko, ikiwa imegawanywa kwa pande tatu (mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini), tumeipata zaidi kwa mwanahisabati Leonhard Euler, karibu na 1750. Nyutoni kama jina la kipimo ikaja baadaye sana, mwaka 1948: kani inayolipatia tungamo la kilo 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde.

#16 Daftari Jipya

Na roketi je? Inaunguza mafuta, tungamo linapungua njiani. Fomula inatumia tungamo lipi?

#17 Kalamu Nyekundu

Lililopo sekunde hiyo. Saturn V, ile iliyopeleka watu mwezini, ilipoinuka ilikuwa na takribani kilo milioni 2.9, na injini zake zikisukuma kwa takribani nyutoni milioni 34. Uzito wake peke yake ulikuwa zaidi ya milioni 28. Zilizobaki za kuichapusha zilikuwa chini ya milioni 6, kwa hiyo mchapuko haukufika hata mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Ukitazama video unaiona inajikokota kama haitaki kuondoka.

Lakini hatua ya kwanza, ile sehemu ya chini ya roketi, ilikuwa inachoma karibu tani 13 kila sekunde. Baada ya dakika mbili na ushei tungamo limeshayeyuka, msukumo haujapungua, na wanaanga wanakandamizwa vitini kwa karibu mara nne ya mvuto wa kawaida. Ilibidi injini ya katikati izimwe mapema kuliko nyingine nne ili mchapuko usizidi.

#18 Mbishi Halali

Sawa, na huko juu ambako hakuna uzito? Huko si unasukuma tani kwa kidole?

#19 Chaki Mkononi

Utaisukuma, ndiyo, lakini polepole mno. Kidole kikitoa nyutoni 10, tani moja itapata mchapuko wa sentimita 1 kwa sekunde kila sekunde. Na ikishapata mwendo, ole wako ukae kati yake na ukuta. Uzito hauonekani, tungamo lipo palepale.

Kwenye kituo cha anga cha Skylab, mwaka 1973, wanaanga walihitaji kujua kama wanakonda. Mizani ya kukanyaga haina maana huko, huwezi hata kuikanyaga. Wakakaa kwenye kiti kilichofungwa springi, kikaachiwa kiyumbe mbele na nyuma, wakapima muda wa kila yumbo. Kiti kitupu huyumba haraka. Mwenye kilo nyingi hukichelewesha. Walijipima kwa ugumu wa miili yao kuchapuka, bila uzito kuhusika kabisa.

#20 Usukani

Mimi nina la mwisho, na nadhani nimemshika mleta uzi. Ulisema barabara imenyooka. Ingekuwa kona? Mshale uko 80 uleule, haujashuka haujapanda. Lakini kwenye kona kali mzigo unalala upande na nasikia tairi zinalia. Hapo utaniambia kani sifuri?

#21 Chaki Mkononi

Nimeacha hiyo makusudi nione nani ataileta. Heshima kwako.

Mshale wa spidi unaonyesha ukubwa wa mwendo tu, hauonyeshi unakoelekea. Kwenye kona mwelekeo unabadilika kila sekunde, na kubadilisha mwelekeo ni kuchapuka, hata kama namba ni ileile. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 100, kwa 80 kwa saa, inadai mchapuko wa karibu mita 4.9 kwa sekunde kila sekunde kuelekea katikati ya kona. Gari letu la kilo 1,200 linahitaji karibu nyutoni 5,900 za pembeni, na anayezitoa ni msuguano wa tairi na lami, hakuna mwingine. Mara kumi na nne na zaidi ya zile 400 za upepo!

Lami ikilowa, tairi inaweza kushindwa kuzitoa zote.

#22 Usukani

Na hapo gari halizungushwi na mtu, linaendelea moja kwa moja kule lilikokuwa linaelekea. Nimeliona hilo kwa macho yangu, tela likatoka barabarani taratibu kama linaaga. Nilidhani kuna kitu kilikuwa kinalivuta nje ya kona.

#23 Kalamu Nyekundu

Hakukuwa na cha kuvuta nje. Kulikosekana cha kuvuta ndani.

#24 Mbishi Halali

Nimerudi. Msiniulize kwa nini, nimeazima mizani ya jirani nikaingia nayo kwenye lifti. Nilianzia juu, nikashuka. Mwanzoni ikasoma pungufu, nikasema sawa. Katikati ikarudi uzito wangu. Lakini ilipokaribia chini ikasoma ZAIDI. Lifti inashuka, mimi nashuka, na mizani inaniambia nimenenepa. Nimerudia mara nne.

#25 Daftari Jipya

Ilikuwa inafunga breki, mkuu. Mwendo ulielekea chini, lakini mchapuko ulielekea juu.

#26 Mbishi Halali

Najua. Nimelijua kwenye mara ya tatu. Ya nne niliirudia kwa sababu mlinzi naye alitaka kujipima.